Goti la Kondo

Jumatatu, 4 Novemba

Maji ya moto kwenye nyonga, dakika ishirini. Chai na muhogo wa kuchemsha. Nimezunguka uwanja wa shule mara mbili na fimbo yangu. Mzunguko wa tatu umenishinda, nikakaa kwenye jiwe mpaka Salome alipopita akitoka sokoni. Mke wangu hasemi kitu siku hizi akinikuta hivyo. Ananipa mkono tu, ninainuka.

Joto. Mawingu yanajikusanya mchana, jioni yanatawanyika. Waliopanda mahindi mapema wanajuta.

Saa tisa umeingia ujumbe kwenye simu kutoka namba ya Uingereza. Binti wa Mwalimu Tedi, kocha wetu wa zamani. Jina lake Jeni. Anasema baba yake bado yu hai, yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kumbukumbu zimemtoka. Hamjui yeye, wala hajui kwamba mkewe amekwisha kufa. Lakini kila asubuhi anauliza swali moja: lile goti limepona? Akiulizwa goti la nani, anasema la yule wa mguu wa kushoto, wa Tabora. Jeni ameitafuta namba yangu kwa shida. Anauliza kama najua goti hilo ni la nani, na kama lilipona.

Najua. Sijajibu.

Jumanne, 5 Novemba

Maji ya moto. Chai. Mizunguko miwili.

Sijajibu.

Mwalimu Tedi alicheza mpira kwao miaka kumi na moja, beki wa kati, ligi ya juu kabisa. Goti ndilo lililommaliza. Lilivimba, likapona, likavimba tena, kila mwaka vivyo hivyo, mpaka siku moja timu ikamwambia asante kwa huduma yako. Akauza matairi. Akauza bima. Akanywa pombe miaka mingi, akaacha, ndipo akaja huku kufundisha walimu wa michezo, na jioni akawa anatunoa sisi. Alitusimulia yote hayo bila aibu ndani ya behewa, siku tunakwenda kucheza Bukene. Akapandisha suruali akatuonyesha kovu. Goti lilikuwa limeshonwa kama gunia la karanga.

Alisema neno moja nikalishika. Mchezaji mwenye goti bovu usimwonee huruma, alisema. Mwambie ukweli mapema, aende akajifunze kazi nyingine. Mimi hakuna aliyeniambia.

Nililishika neno lile, na nikalitumia.

Alhamisi, 7 Novemba

Kwihara, kumwona Kondo. Bajaji imenifikisha njia panda ya tembe, ile nyumba ya kale ya udongo, iliyobaki nimetembea. Nyonga imenitukana njia nzima.

Ini la Kondo limekwisha. Hospitali wamewaambia wamrudishe nyumbani, ale anachotamani. Hatamani kitu.

Kondo ni mtani wangu. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na utani wetu umeanza kabla hatujazaliwa, babu zangu wakibeba pembe za ndovu hadi pwani na babu zake wakiwapokea kwa masimango. Alikuja Tabora kijana kuchezea timu yetu ya karakana ya treni. Winga wa kushoto. Mimi nilikuwa beki na nahodha. Akaoa hapa Kwihara, akabaki.

Amenipokea kama kawaida. Mbeba mizigo amefika, akasema, mwangalieni asije akajitwika kitanda na mgonjwa juu yake. Nikamjibu kwamba Mzaramo haumwi, amechoka tu kucheza ngoma yao ya mdundiko. Mkewe, Mama Hadija, akacheka kule jikoni. Ndivyo tulivyo miaka yote. Sikumbuki kama tumewahi kuzungumza jambo lolote kwa sauti ya kawaida. Mama yake alipofariki nilikwenda kumpa pole, tukaishia kutukanana hadi alfajiri, na asubuhi akaniambia nimemsaidia sana.

Macho yake yamekuwa ya njano. Nimeyatazama kwa muda. Nilitegemea moyo utastuka. Haukustuka.

Ijumaa, 8 Novemba

Niandike basi. Daftari hizi hazisomwi na mtu. Nilianza kuziandika Uingereza kwa sababu sikuwa na wa kuzungumza naye Kiswahili, na tabia ikabaki.

Mwalimu Tedi alipokaribia kurudi kwao aliahidiwa nafasi ya mchezaji mmoja, aende kujaribiwa kwenye timu ya rafiki yake. Kila mtu alijua nafasi ile ni ya Kondo. Mama lishe wa stesheni walijua. Kondo mwenyewe alikwisha kununua koti la mtumba.

Ndipo akagongwa Bukene. Goti likavimba, akalala ndani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuumia goti tangu azaliwe.

Mwalimu alinikuta peke yangu uwanjani nakusanya mipira. Akaniuliza: wewe nahodha unamfahamu, lile goti lina historia? Nikamwambia linamrudia kila mwaka. Nikamwambia anaficha. Nikamwambia ukimpeleka utamtesa bure.

Hakuuliza mara ya pili. Aliinama akashika goti lake mwenyewe.

Wiki mbili baadaye Kondo alikuwa anakimbia kama kawaida. Jina langu lilikuwa limekwisha kupelekwa.

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu ina miaka zaidi ya thelathini na bado natembea.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani. Salome ameimba vizuri. Mchungaji amenitambulisha kwa wageni kutoka Urambo: huyu ni mzee wetu Luhende, mjini tunamwita Mwingereza, alicheza mpira wa kulipwa Ulaya. Wageni wamepiga makofi. Nimesimama, nimekaa.

Baada ya ibada wamenipiga picha. Mmoja ameniuliza siri ya mafanikio. Nikasema nidhamu. Huwa nasema hivyo siku zote.

Jumatano, 13 Novemba

Kwihara tena. Niliondoka nyumbani na nia moja: nimwambie leo. Nimejibana kwenye bajaji na mama mwenye kuku wawili, nikawa napanga maneno. Kondo, kuna jambo. Hapana. Kondo, unakumbuka goti lako. Hapana. Nilifika bila sentensi.

Alikuwa amekalishwa kitandani, mito miwili mgongoni. Mama Hadija alikuwa anamenya karanga mlangoni. Nikasema Kondo, leo nimekuja na neno zito. Akamwambia mkewe: unaona, Mnyamwezi hata neno lake lazima liwe mzigo. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikamshikia beseni.

Nikarudi na neno langu.

Usiku sikulala. Siyo kwa uchungu. Sikulala tu.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua ya kwanza. Watu wametoka barazani kuitazama. Nimebaki ndani.

Jeni ameandika tena. Anaomba radhi kwa usumbufu. Ametuma sauti. Nimeifungua nikasikia mzee akikohoa, halafu akiuliza kwa Kiswahili kile chake cha kuvunjika, Kiswahili cha miaka ile: goti napona? Goti ya Kondo napona? Basi jina analikumbuka, ila binti hakujua kwamba lile neno ni jina la mtu.

Nimeisikiliza mara nne. Nikaenda kulisha kuku.

Jumamosi, 16 Novemba

Picha zangu za Uingereza ziko sebuleni, nne, kwenye fremu. Wageni hudhani nilikuwa mtu mkubwa. Nilikaa misimu minne kwenye timu ya daraja la tatu, mji wa kaskazini, mvua nyembamba isiyokoma. Nilipangishwa chumba juu ya duka la nyama. Msimu wa kwanza nilicheza mechi sita. Msimu wa pili nilicheza nyingi. Ugenini, jukwaani, walilia kama nyani nilipogusa mpira. Siku ya kwanza sikuelewa. Nilidhani ni wimbo wa timu yao.

Kila krosi iliyotoka kushoto nilimwona Kondo. Hilo ni kweli, siandiki kwa ajili ya uzuri. Winga wetu wa kule alikuwa mvivu, na mimi nilisimama golini kwetu nikiwaza angekuwa Kondo hapa tungekuwa tumeshinda. Niliwaza hivyo kama kocha, siyo kama mwizi.

Msimu wa nne nyonga ikachanika. Wakanipa saa ya mkononi na tiketi.

Nilipofika stesheni ya Tabora, Kondo ndiye aliyenipokea. Alibeba sanduku langu kichwani mpaka nyumbani, akitangaza njia nzima kwamba leo Mzaramo ndiye mpagazi na Mnyamwezi ndiye bwana, dunia imepinduka. Watoto wakatufuata. Akawaambia: mtazameni, huyu ndiye mtani wangu, amecheza na Wazungu.

Alikuwa na furaha ya kweli. Hapo ndipo nilipoacha kusikia vitu moyoni, nadhani. Siku ile ile, kati ya stesheni na nyumbani.

Jumanne, 19 Novemba

Nimemwambia.

Nilifika mapema, kabla hajachoka. Mama Hadija alikuwa anapanga nguo kwenye sanduku, mlangoni mwa chumba. Sikumsalimia Kondo kwa utani, nilivuta kigoda nikakaa karibu na kichwa chake. Nikasema yote kwa mkupuo, nisipate nafasi ya kugeuka:

"Mwalimu Tedi aliniuliza goti lako lina historia? Nikamwambia linakurudia kila mwaka. Ilikuwa uongo. Nilikuibia safari yako."

Kondo alinitazama. Nilihesabu pumzi zake. Halafu midomo ikaanza kutetemeka, nikajua analia, nikajiandaa.

Alikuwa anacheka.

Alicheka mpaka machozi. Akasema, "Na mimi ndiye niliyeiba ng'ombe wa babu yako. Waliishia tumboni mwangu, ndiyo maana ini limenikataa." Akamwita mkewe aje asikie Mnyamwezi alivyofilisika maneno hadi anajisingizia wizi. Nikasema Kondo, siyo utani. Akacheka zaidi. Kila nilivyosisitiza ndivyo alivyocheka. Akanipiga begani kwa mkono usio na nguvu.

Mama Hadija alinisindikiza hadi barabarani. Akaniambia asante shemeji, hajacheka hivyo tangu arudishwe kutoka hospitali. Lakini hakuwa akitabasamu alipokuwa anasema. Aliniangalia kidogo, akarudi ndani.

Nimerudi nyumbani. Salome akauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikasema amecheka. Akasema Mungu ni mwema.

Alhamisi, 21 Novemba

Kondo amefariki alfajiri. Kaka wa Mama Hadija, Ramadhani, ndiye aliyepiga simu. Mazishi kesho baada ya sala ya Ijumaa. Akasema, mtani usikose, bila wewe hatoki mtu hapa.

Maji ya moto. Chai. Sikuzunguka uwanja.

Ijumaa, 22 Novemba

Tumemzika.

Niandike kama ilivyokuwa.

Kwihara yote ni Wanyamwezi, kwa hiyo yote ni watani wake, lakini walinisubiri mimi. Kazi ya mtani msibani inajulikana. Afanye fujo, azuie jeneza, aibe cha marehemu, amtukane, waliofiwa wapumue. Mzee Hamisi wa msikitini hapendi mambo haya, ila anatuachia robo saa. Alinionyesha saa yake.

Nilijilaza mlangoni jeneza lisitoke. Nikadai jogoo. Wakaniletea jogoo. Nikasema huyu ni kilema, miguu yake yote ya kushoto. Watu wakaanza kucheka. Nilikuwa nasema maneno na kusikia sauti yangu kwa mbali, ya mtu mwingine anayefanya kazi yake vizuri. Nikavaa kofia ya Kondo. Nikachechemea uani kama Kondo akipiga chenga, na kwa nyonga hii kuchechemea siyo shida. Wanawake wakacheka huku wanajifuta macho kwa khanga. Mama Hadija alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango.

Nikawaza: hawa wote wapo. Wote waliomwona akicheza. Kama sisemi leo, nasema lini.

Nikavua kofia. Nikasimama wima. Nikasema:

"Mwalimu Tedi aliniuliza goti lake lina historia? Nikamwambia linamrudia kila mwaka. Ilikuwa uongo. Nilimwibia safari yake."

Kwanza kimya. Nilidhani wamesikia. Halafu Ramadhani akashika tumbo, akaangua kicheko, na uwanja mzima ukafuata. Mtani kaua leo, kijana mmoja akasema. Mwingine akasema Ulaya yote ile kumbe mali ya wizi. Mtani kazi yake kuiba, na mimi nilikuwa nimejitaja kuwa mwizi, utani gani mtamu zaidi ya huo. Mzee Hamisi mwenyewe aliinamisha kichwa kuficha meno.

Nikasema jamani, kweli. Wakacheka upya.

Salome, aliyekuja na wanakwaya wenzake, alikuwa anacheka pia, mkono mdomoni.

Kutoka nyuma ya pazia sikusikia sauti.

Mzee Hamisi akagonga saa yake kwa kidole. Nikasogea mlangoni. Wakambeba, nikashika upande wa kushoto mpaka nyonga ilipokataa, mwingine akapokea. Makaburini nilitupia udongo mara tatu kama wengine. Mvua ilianza tulipokuwa tunarudi.

Wamenipa jogoo wangu. Nimekuja naye kwa bajaji, miguu imefungwa.

Jumamosi, 23 Novemba

Jogoo anawika kabla ya saa yake. Hakuna zaidi.

Jumatatu, 25 Novemba

Watu wamenipongeza sokoni. Muuza nyanya amerudia maneno yangu yote, ameyaongezea chumvi, ndani ya masimulizi yake nimeiba pia pasi ya kusafiria na viatu. Imeshakuwa hadithi ya mji. Nilitaka kuitoa kifuani na sasa iko kwenye kila baraza, na hakuna anayeijua.

Nimemwandikia Jeni. Nimeandika mistari mitatu, nimechukua asubuhi nzima. Goti ni la mtu anayeitwa Kondo. Lilipona baada ya wiki mbili. Mimi nilimdanganya baba yako.

Nikabonyeza kabla sijafikiri.

Jumanne, 26 Novemba

Jeni amejibu. Anashukuru. Anasema amemwambia baba yake kwamba goti limepona, na mzee amefurahi sana, ameomba viatu vyake vya mpira. Kuhusu huo uongo anasema hakuelewa vizuri, lakini ni mambo ya zamani, nisijisumbue.

Halafu mstari mwingine: kesho asubuhi atauliza tena.

Alhamisi, 5 Desemba

Ramadhani amekuja na baiskeli hadi hapa Isevya. Dada yake ananiita. Sikuuliza kwa nini.

Mama Hadija yuko eda, hatoki wala haonani na wanaume wasio ndugu zake. Wameniwekea kigoda nje ya mlango, pazia katikati, Ramadhani pembeni amejiinamia na simu yake. Nikampa pole tena. Akaitikia. Nikasikia maganda ya karanga yakivunjika.

Kisha akasema, "Shemeji, yale maneno uliyasema mara mbili. Chumbani na uani. Neno kwa neno."

Nikasema ndiyo.

"Nimewasikia nyinyi wawili miaka yote hii. Hamjawahi kurudia utani hata mmoja. Mngeona aibu."

Ramadhani aliacha simu.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

Maganda yakanyamaza. Nilitazama pazia, lina maua ya bluu, limetoboka chini. Nilitegemea atapiga kelele. Alivuta pumzi, akaanza kusema taratibu, kama anayehesabu nguo za kufua. Kwamba Kondo alipopunguzwa kazini alikaa mwaka mzima akitazama barabara. Kwamba kila jambo lilipomshinda alisema ni lile goti, goti lilimkosesha bahati. Lilikuwa haliumi. Hata siku moja halikumuuma. Lakini aliamini ndani yake kuna ubovu ambao Mzungu aliuona na yeye haujui. Alikuwa akiamka anakunja mguu, anakunjua, anakunja, anausikiliza. Mpaka mwaka huu.

Hilo sikulijua. Sikuwahi kulifikiria. Nilijua nimemnyang'anya safari. Sikujua nimemwachia na ugonjwa.

Nikasema nisamehe. Akasema yeye siye aliyeibiwa. Akasema aliyeibiwa alikufa akicheka, na hilo hajui aliweke wapi.

Halafu akatoa hukumu yake. Siku ya arobaini kaka yake Kondo atakuja kutoka Kisarawe. Niende. Baada ya kisomo, kabla ya chakula, niyaseme maneno yale. Na kabla sijasema, Ramadhani atawatangazia watu kwamba leo mimi sina utani na nyumba hii.

Ramadhani akasema dada, utani hauvuliwi. Ni wa ukoo, siyo shati.

"Siku moja tu," akasema. "Wamsikie."

Ijumaa, 6 Desemba

Nimemwambia Salome. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Baadaye akauliza kama nyumba hii imejengwa na zile pesa za Uingereza. Anajua jibu. Nikasema ndiyo.

Amelala chumba cha Neema, binti yetu aliyeolewa.

Jumapili, 15 Desemba

Salome ameniambia kwenda kanisani tutakwenda pamoja, watu wasiseme. Tumekwenda. Tumekaa benchi moja.

Usiku amerudi chumbani. Hajasema kwa nini.

Alhamisi, 26 Desemba

Maji ya moto. Mzunguko mmoja tu. Naogopa. Naandika neno hili kwa sababu nimelitambua leo baada ya siku nyingi za kutotambua kitu. Ni kuogopa.

Jumapili, 29 Desemba

Arobaini ya Kondo, imewahishwa siku moja iangukie Jumapili.

Tulifika saa nne. Salome akaenda upande wa wanawake. Mahindi ya Kwihara yamefika magotini, ya Kondo pia, sijui nani aliyeyapalilia. Wanaume walikuwa kwenye mikeka chini ya turubai. Kaka yake Kondo amefanana naye mpaka masikio. Aliponiona akasema kwa sauti, yuko wapi huyo mpagazi nimpe begi langu, na watu wakatabasamu wakingoja jibu. Nikampa mkono, nikamwambia shikamoo, maana ni mkubwa. Akaushika mkono akinitazama. Akasema marahaba, polepole.

Kisomo kikaisha. Ramadhani akasimama. Alikuwa ameyakariri maneno yake na bado yalimkwama. Akasema leo shemeji Luhende si mtani katika nyumba hii, kwa amri ya mwenye nyumba, na ana neno, na tumsikilize kama tunavyosikiliza shahidi. Mzee Hamisi akaitikia kwa kichwa. Watu wakatazamana.

Nikasema. Maneno yale yale. Nikaongeza kwamba goti la Kondo halikuwa na ubovu wowote, siku zote, na kwamba aliyeambiwa lina ubovu aliambiwa na mimi.

Hakuna aliyecheka.

Nilisimama nikisubiri. Mtoto alilia upande wa wanawake akanyamazishwa. Mtu mmoja, nilicheza naye karakana, alivua miwani akaanza kuifuta na hakuacha. Nyuma ya pazia Mama Hadija alikuwa analia, safari hii nilimsikia vizuri. Mzee Hamisi akasema, "Tumesikia." Basi. Hakuongeza dua wala lawama. Nikakaa.

Wakaleta maji ya kunawa, kisha masinia ya pilau, kila sinia watu watano. Lililowekwa mbele yangu halikujiwa na mtu. Wa kulia kwangu alisogea mkeka wa pili, wa kushoto akakumbuka kwamba anaitwa. Sikuwalaumu. Niliutazama wali ukitoa moshi, mikono yangu imeshanawa, sijui niiweke wapi.

Wengine walikuwa wamekwisha kuanza kula kaka yake Kondo alipoinuka. Alizunguka masinia yote, akaja akakunja kanzu yake, akakaa ng'ambo ya sinia langu. Hakunitazama. Akamega tonge, akala. Akamega la pili.

"Kula," akasema.

Nikala.